Bangili Sita za Mama

Bangili ya kwanza ilikuwa gramu 22.9. Ya pili, 22.7. Sonara, mzee wa Kigujarati mwenye kijiduka ndani ya Oriental Plaza hapa Fordsburg, alizipima moja moja kwenye mizani yenye kijumba cha kioo, feni isije ikaisumbua. Alisoma namba kwa sauti, nami nikaziandika nyuma ya risiti ya vifungo niliyoikuta mkobani. 22.6. 22.4. 22.1. Ya mwisho, ile iliyokaa karibu na kiganja miaka yote, 21.3. Jumla gramu 134.

"Zilikuwa tola mbili kila moja," akasema, kabla sijamwambia.

Nilikuwa najua. Mama alizifanyiza Mombasa, Mji wa Kale, kwa sonara mmoja, kwa pesa za mahamri na za mchezo wa kina mama wa mtaani, moja moja, kuanzia 1968 hadi 1975. Tola ni gramu 11.66, kwa hiyo tola kumi na mbili zilikuwa karibu gramu 140. Sita hazipo. Nikamuuliza mzee zimekwenda wapi. Akacheka kidogo, akasugua vidole viwili: dhahabu ya karati 22 ni laini, bangili zikigongana kila siku zinalana. Basi karibu nusu tola ya mama imebaki kwenye unga aliokanda, kwenye ndoo za maji, na kwenye mashavu yetu alipokuwa akituogesha asubuhi kabla ya chuoni. Hiyo imeshagawiwa na hakuna aliyeigombania.

Nakaa mji ambao wenyewe wanauita eGoli, mahali pa dhahabu. Langlaagte, shamba ambako mwamba mkuu wa dhahabu uligunduliwa 1886, haliko mbali na chumba changu cha kushonea, na upepo wa Agosti ukivuma vumbi la njano la vilima vya taka za migodi linaingia mpaka kwenye vitambaa vyeupe vya maharusi. Lakini bangili za mama zilikuja hapa kutoka pwani, mkononi mwake, mwaka nilipomleta kukaa nami baada ya baba kufariki. Kwa miaka tisa nilimpikia, nikamwogesha, nikampeleka kliniki. Akafa nyumbani kwangu alfajiri moja ya baridi, tukamzika Westpark, upande wa Waislamu, kabla ya adhuhuri. Aliyemwosha alizivua zile bangili, akazifunga ndani ya kitambaa, akanitia mkononi.

Tumezaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa yuko Mombasa, mimi hapa, mdogo wetu wa kike Muscat. Na mimi nilikuwa na neno la mama. Aliniambia mara nyingi, nikimpaka mafuta mikono: "Hizi zako, mwanangu. Wewe ndiye uliyenitazama."

Nilikwenda kwa maalim mmoja wa Mayfair nikiwa na hakika. Nikamweleza yote: miaka tisa, maneno ya mama, hata methali nikamtolea, kwamba mpewa hapokonyeki. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja.

"Alikukabidhi?"

Nikasema alikuwa anazivaa.

"Methali yako ni ya kweli," akasema, "lakini kwanza mtu awe amepewa."

Ningependa msomaji aelewe jinsi neno lile lilivyoniuma. Sisi tunasema kukabidhi kila siku: tunakabidhi funguo, tunakabidhi ofisi. Tumesahau kwamba limetoka kwenye neno la mafakihi, qabdh, kushika. Hiba, yaani zawadi kisheria, ina tamko la anayetoa, ina kukubali kwa anayepokea, mfano wa ijabu na kabuli ya nikaha, na ina kushikwa kwa kitu chenyewe. Kabla hakijashikwa, ni ahadi tu. Na wasia nao haungenisaidia, kwa kuwa hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie baada ya kifo. Kwa hiyo bangili zile zilikuwa mirathi. Kaka mafungu mawili, mimi moja, mdogo wangu moja. Bangili sita kwa mafungu manne: tatu zake, moja na nusu yangu, moja na nusu ya yule wa Muscat. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1987 kuhusu anayekufa bila wasia ingetupa mbili mbili sawasawa. Neno la mama lingenipa sita. Nilikaa na hesabu tatu, na hakuna hata moja iliyosema jinsi ya kukata bangili katikati.

Maalim akanisimulia kisa ambacho nilikisikia utotoni bila kukisikia. Abubakar Siddiq alimpa binti yake Aisha wasaki ishirini za tende kutoka shamba lake la Ghaba. Alipofika kitandani pa mauti akamwita. Akamwambia kwamba hakuna mtu anayependa awe tajiri baada yake kuliko yeye, na hakuna ambaye umaskini wake ungemuuma zaidi; alimpa zile tende, na lau angekwisha kuzichuma na kuzichukua zingekuwa zake, lakini leo ni mali ya warithi, nao ni ndugu zake wawili wa kiume na dada zake wawili. Aisha akashangaa: dada yake ni Asma tu, huyo wa pili nani? Baba akamjibu kwamba ni aliye tumboni mwa mkewe, Bint Kharija, anadhani ni msichana. Na kweli akazaliwa msichana.

Nimekitafakari kisa hiki nikiwa kwenye cherehani, nikiwa kwenye teksi za Bree, nikiwa nimelala. Kinachonishika si hukumu, kwa sababu hukumu ni fupi. Ni kwamba baba anamtaja kwanza binti kwa mapenzi, kisha anamnyima. Hakuna anayeweza kusema hakumpenda. Anamtazama mtoto aliye mbele yake, anamkumbuka pia mtoto ambaye hajazaliwa, ambaye hana sauti ya kudai wala hajawahi kumpikia uji. Miaka yangu tisa ilikuwa na sauti kubwa. Ya mdogo wangu kule Muscat, aliyekuwa akituma riyali kila mwezi bila kusema, haikuwa nayo.

Kisha yakaja yaliyonitia wazimu zaidi. Kaka alifika siku ya tatu. Hakugomba. Tulipokwisha kusoma hitima alikaa kwenye kiti cha mama, akasema, "Dada, chukua zote. Mimi sina dai, na huyu wa Muscat nimeshaongea naye. Tumeridhika."

Nikakasirika. Nilimjibu vibaya mpaka mkewe akatoka chumbani. Kwa siku nyingi sikujua kwa nini. Mtu anapewa kile kile alichokitaka, kwa moyo safi, na anaona kama ametukanwa! Baadaye nikafahamu: bangili zilikuwa zile zile lakini mtoaji amebadilika. Nilitaka nipewe na mama. Kaka alikuwa ananipa yeye, mali yake mwenyewe, na kisheria alikuwa sahihi kabisa. Ningezivaa maisha yangu yote nikijua kwamba ni zawadi ya kaka yangu, na kwamba mama hakunipa kitu.

Ndipo swali likaacha kuwa la gramu. Zawadi ni ile dhahabu, au ni mkono uliotoka?

Majuma yale nilikuwa na kazi moja ya ajabu. Msichana wa hapa Mayfair alitaka gauni la sherehe ya kumaliza matriki lenye shingo ya mraba na mikono mipana, kama la malkia wa Uingereza wa zamani, na akaniletea kitabu kizito cha picha ili nisikosee. Nilikisoma zaidi ya nilivyoshona. Mle nikakutana na Catherine wa Aragon, mke wa kwanza wa Henry VIII. Mwaka 1532 mfalme alitaka vito vya malkia apewe Anne Boleyn, mwanamke aliyetaka kumwoa badala yake, kwa safari ya kwenda Ufaransa. Catherine alijibu kwamba dhamiri yake haimruhusu kutoa vito vyake kumpamba mwanamke yule. Kama mfalme anataka, na aamuru. Mfalme akaamuru, vikatolewa. Jibu lake naliona ni la fakihi: mnaweza kuchukua, lakini msiseme nimetoa.

Miaka mitatu na miezi kadhaa baadaye, Januari 1536, anakufa katika ngome ya Kimbolton. Binti yake Mary ana miaka 19 na hakuruhusiwa kuja kumwona. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke mwenye mume hai hakuwa na uwezo wa kuandika wasia, kwa maana mali yake ni ya mume. Angekubali kile walichomlazimisha kukikubali, kwamba hakuwa mke wa Henry bali mjane wa Arthur, kaka yake Henry, angeandika wasia kama mjane yeyote. Hakukubali. Akaandika orodha ya maombi kwa mfalme, kama mke anayemwomba mumewe, na humo akaomba binti yake apewe mkufu wa dhahabu aliokuja nao kutoka Hispania. Alikuwa na cha kutoa, na alikuwa na wa kumpa, lakini ili abaki alivyo ilimpasa aombe ruhusa ya kutoa kilicho chake.

Mama yangu, aliyekaanga mahamri, alikuwa na zaidi ya malkia yule. Tangu siku aliyolipa bangili ya kwanza mpaka alfajiri ile ya kufa, hapakuwa na mume wala kaka mwenye haki ya kuzigusa. Baba alipobanwa na deni mwaka mmoja alimwomba, hakuchukua. Angeweza kunipa siku yoyote. Kwa nini hakunipa?

Nilijaribu kumtetea. Labda aliogopa dhuluma. Kipo kisa cha Nuuman bin Bashir, ambaye mama yake alimshikilia baba yake amweke Mtume awe shahidi wa zawadi aliyompa mtoto huyo peke yake. Mtume akauliza kama watoto wengine nao wamepewa mfano wake. Alipoambiwa la, akakataa kuwa shahidi wa jambo la kuelemea upande. Sisi Mashafi tunasoma kwamba kutofautisha watoto kunachukiza, si haramu. Mama alisoma chuoni, alikijua kisa hicho. Huenda aliposema "hizi zako" moyo ulikuwa unasema na ulimi wa pili unamrudisha.

Au labda aliogopa njaa. Mwanamke wa pwani akivaa dhahabu amevaa akiba yake, na mzee aliye nchi ya ugeni, nyumbani kwa mkwe, hatoi akiba yake yote kwa mtu mmoja, hata akiwa mwanawe. Jirani yetu, Mhindi, Mhanafi, alikuwa akimshangaa mama kwa kuvaa zaidi ya tola saba na nusu bila kutoa zaka yake kila mwaka. Mama akimjibu kwamba kwetu pambo linalovaliwa halina zaka. Walibishana miaka yote kwa raha zao, huku wakipelekeana sahani za samosa na viazi vya karai. Wala sahani haikurudi tupu hata mara moja.

Mjini, kwenye kituo cha mabasi cha Gandhi Square, nikisubiri basi, husimama karibu na sanamu ya Gandhi wa ujana wake, wakili. Namheshimu, ila kuna jambo, nalo ni la dhahabu ya mke, ambalo mimi niko upande wa mkewe, Kasturba. Mwaka 1901, walipokuwa wanaondoka Natal, Wahindi wa kule waliwapa zawadi za kuwaaga, na miongoni mwake mkufu wa dhahabu wa gini 50 kwa ajili ya Kasturba. Gandhi alikesha usiku mzima, kulipokucha ameamua: vyote viwekwe benki, amana kwa kazi za jamii. Akaanza kwa kuwashawishi watoto kwanza, ujanja ambao kila mama anaujua. Kasturba alikataa. Alisema atawavisha nini wakaza wanawe, na mkufu ule alipewa yeye, mume ana haki gani nao? Gandhi akamuuliza kama walimpa kwa utumishi wake au kwa utumishi wa mume. Naye akamwambia kwamba utumishi wa mume ni wake pia, yeye aliyemhangaikia usiku na mchana. Mwishowe mume akashinda, mkufu ukaenda. Ni yeye mwenyewe Gandhi aliyetusimulia, na sifa hiyo nampa. Lakini nikimtazama pale juu na joho lake la shaba nasema moyoni: bwana, ulifanya sadaka kwa shingo ya mwenzio.

Mama alipenda kisa kingine. Khadija, mke wa Mtume, alimvisha binti yao Zaynab mkufu siku ya harusi yake. Miaka ikapita, Khadija akafa, Zaynab akabaki Makka na mumewe Abul-As aliyekuwa bado hajasilimu, akatekwa vitani Badr. Watu wa Makka wakatuma fidia za mateka wao, na Zaynab akatuma mkufu ule. Mtume alipouona aliutambua, akalainika moyo sana, akawaomba masahaba: wakiona vyema, wamwachie mateka wake na wamrudishie mkufu wake. Wakakubali. Mama akifika hapo alikuwa akinyamaza kidogo. Siku zote nilidhani anamlilia Khadija. Sasa naangalia kitu kingine: Khadija hakungoja. Alivua akamvisha mtoto akiwa hai, na ndiyo maana Zaynab alikuwa na cha kutuma.

Nilipofika hapo, nikiwa napiga pasi ule mkono mpana wa gauni la malkia, ndipo nikakumbuka jikoni.

Ilikuwa Julai, miaka mitatu kabla hajafa. Baridi ya Johannesburg ilikuwa imemkondesha, bangili zinamtembea mpaka karibu na kiwiko. Nikaingia jikoni, nikamkuta kwenye sinki amejipaka sabuni ya vyombo mkononi, povu mpaka juu, bangili mbili ameshazifikisha kwenye fundo la kidole gumba. Akasema, "Njoo unisaidie kuzitoa hizi, uzivae. Mkono wangu umepungua."

Nami nikafanya nilivyofunzwa. "Ah, mama! Wacha hayo. Vaa tu. Mimi nitakwenda nazo wapi?" Nikamshika mkono, nikamwosha lile povu kwa maji ya moto, nikazisukuma bangili zikarudi mahali pake. Haikuchukua dakika mbili. Alinitazama, akakausha mkono kwa aproni yangu, akaenda kukaa juani.

Kisa hiki nilikuwa nikiwasimulia watu! Nilikisimulia hata siku ya maziko, kuonyesha jinsi tulivyopendana, jinsi nisivyokuwa na tamaa. Kwa sababu kwetu mtoto mwenye adabu hapokei pambo la mzazi aliye hai. Kulipokea ni kama kumwambia nakungoja ufe. Tunakataa mara ya kwanza, tunakataa mara ya pili, na tunamwita mwenye kupokea haraka mlafi. Nikajaribu kukumbuka ni lini mama alisema tena "hizi zako" baada ya Julai ile. Sikupata hata siku moja. Maneno yote niliyompelekea maalim yalikuwa ya kabla.

Basi maalim aliuliza swali sahihi, ila kwa mtu asiye sahihi. Mama alikabidhi. Aliyekosekana ni wa kushika.

Sijui tunaliita kosa gani hili. Vitabu vimeandika mengi juu ya anayenyima na anayedai alichotoa, na Mtume alimfananisha anayerudi kwenye zawadi yake na mbwa anayerudia matapishi. Juu ya anayekataa kwa adabu, akamwachia mtoaji mkono ukining'inia hewani na povu, sikukuta mengi. Kwangu mimi ni dhuluma. Ni ndogo, ina sura nzuri, na niliifanya nikitabasamu.

Nilimwita kaka, tukampigia mdogo wetu simu ya video, tukaenda wote kwa sonara, yeye akiwa ndani ya simu. Hapo ndipo zile namba zilipotoka. Fungu la kaka ni gramu 67: akapata ya 22.9, ya 22.7 na ile nyembamba ya 21.3, kasoro nukta moja ambayo aliisamehe. Mdogo wangu 22.6, mimi 22.4. Iliyobaki, 22.1, nusu yangu nusu yake, tukaiuza hapo hapo, pesa zikaenda chuoni kule Mombasa alikosoma mama. Sonara aliikunja kwa koleo kabla ya kuitia bahashani. Ilitoa mlio mdogo, na mdogo wangu akageuza uso kule Muscat.

Nje, kwenye ngazi za Plaza, kaka akatoa ile ya 21.3 mfukoni. "Hii ya karibu na kiganja," akasema, "naomba uichukue kwangu." Ulimi ulikuwa tayari na maneno yake ya siku zote. Nikanyoosha mkono. Ilinibana kwenye fundo, tukacheka, akaisukuma mpaka ikapita.

Ya 22.4 nilimwitia binti yangu Ijumaa iliyofuata. Sina mtoto mwingine wa kumwonea. Akasema, "Wacha, mama, vaa tu wewe." Nikamvuta mpaka kwenye sinki. Yeye ni nesi na kazini haruhusiwi kuvaa kitu chochote chini ya kiwiko, kwa hiyo anaivaa Ijumaa na sikukuu. Siku nyingine inakaa kwenye kabati lake, na ufunguo anao yeye.